Kigari cha Matundu Manne

Watu wa kwetu wakisikia kwamba niliwahi kuvaa kofia pana ya kaubai na kusimama kwenye manyunyu ya Uxbridge na bastola mbili kiunoni, hucheka mpaka wakashika mbavu, nami huwaacha wacheke. Sina utetezi. Mzanzibari, kondakta wa basi, mwembamba kama ufito, kwa makaubai anatafuta nini? Lakini wiki iliyopita Mama Manjit alinipigia simu kutoka Southall kuniambia kwamba Mzee, mumewe, ametutoka, na tangu hapo mzaha umenikauka mdomoni. Nimekaa chumbani kwangu hapa Harrow, treni za Metropolitan zinapita nyuma ya ua, na kila nikifumba macho naliona jiko lile la Southall, mvuke wa chai umetanda dirishani, na Manjit ameinamia meza akisugua mtutu wa bunduki kwa kitambaa kilichokatwa kwenye fulana kuukuu ya baba yake. Ulikuwa mwaka mmoja tu, wa tisini na tatu kuingia tisini na nne. Nimeishi miaka mingi baada ya ule. Nimeoa, nimelea, nimefiwa na mke. Lakini mwaka ninaoutamani ni ule mmoja, na siku hizi nautamani kwa njaa.

Nilikuwa nimepanga chumba cha juu kwa Mzee Bachan, seremala Kalasinga mzaliwa wa Kisumu, na mkewe, Mama Manjit. Chumba chenyewe kilienea kitanda, kiti na mswala, basi. Bafu lilikuwa juu ya jiko, na fundi aliyepitisha bomba la hita alitoboa sakafu tundu kubwa kuliko bomba lake, kwa hiyo kila lililosemwa jikoni lilipanda nilipokuwa nikinyoa ndevu. Wazee wale walikuwa na desturi yao. Mkwe wao, mke wa mtoto wao wa kwanza, alikuwa mzaliwa wa Birmingham. Kipunjabi anakijua, Kiingereza ndiyo lugha yake. Basi siri zote za nyumba ile, nani anadaiwa, nani anaposwa, nani kamjibu nani vibaya, zilizungumzwa kwa Kiswahili cha Kisumu ili mkwe asisikie. Sijui kama walisahau kwamba mpangaji wao ametoka Unguja au hawakujali. Miye nilinyoa taratibu na kusikia yote.

Manjit alikuwa binti yao, kitinda mimba, miaka ishirini na sita, karani katika ofisi ya kupangisha nyumba huku Harrow. Aliondoka Kisumu akiwa mdogo, na Kiswahili chake kilibaki cha kitoto, kimechanganyika na Kiingereza, lakini alikisema bila haya. Jumapili moja ya vuli alinikuta ngazini. "Wewe Mzanzibari, mgongo yangu imekufa. Help me, beba hii boksi mpaka kwa gari. Ama unaogopa bunduki?" Nikamjibu, "Miye? Niogope bunduki kwani mie mtoto?" Ukweli ni kwamba sikuwahi kuishika hata ya maji. Nilibeba masanduku mpaka garini, kisha akaniambia niingie na miye, maana huko nako kuna kushusha. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika mchezo wa makaubai, kwa upagazi.

Mahali penyewe palikuwa machimbo ya zamani ya changarawe, nje kidogo ya Uxbridge, ambamo watu wazima na akili zao walisimamisha mji wa mbao za plaiwudi: benki, baa, jela, hata kaburi moja lililoandikwa jina la mwenyekiti. Mwenyekiti tulimwita Jaji. Alikuwa tarishi mstaafu mwenye masharubu meupe, na mpaka leo sijui jina alilopewa na mama yake, kwa sababu pale kila mtu sharti awe na jina la kikaubai na avae nguo za zama zile, bila zipu, bila raba. Manjit alikuwa Kisumu Kid. Alining'iniza msuko wake mrefu nyuma ya kofia, akaenda mstarini, bastola ya kwanza risasi tano, ya pili tano, kisha bunduki ya kukoki kwa mkono, kisha shotigani ya mitutu miwili, na mabamba ya chuma yakalia mfululizo kama watu wanagonga masufuria. Aliporudi amevimba mashavu kwa furaha, nywele zinanuka baruti, nikajua nimekwisha.

Klabu ilikuwa na utaratibu wake kwa wageni. Asiye na vifaa hupewa mwenyeji mmoja, hutumia silaha za mwenyeji huyo, husimama naye meza moja ya kujazia risasi, na jina lake kwenye ubao huandikwa kivuli cha fulani. Siku atakayopata vifaa vyake vyote atachagua jina, na atahamishiwa kundi jingine ili aache kumtegemea mwenyeji. Ni wanandoa tu waliobaki pamoja. Jaji na mkewe walisukuma kigari kimoja cha mbao, bunduki zao nne zimesimama bega kwa bega, wakigombana njia nzima kuhusu nani kasahau sandwichi. Miye nikaandikwa Kivuli cha Kisumu Kid. Manjit akanifundisha kujaza bastola yenye matundu sita kwa risasi tano, ili nyundo ilalie tundu tupu na bastola isifyatuke bahati mbaya. "Moja, ruka moja, nne," alininong'oneza, kidole chake kikisukuma changu. "Sema na wewe." Nikasema. Hata sasa nikiwa jikoni peke yangu nikitia vijiko vya sukari hujikuta nanong'ona moja, ruka, nne.

Gharama za mchezo ule zilikuwa za kumtoa mtu jasho. Bastola moja ya Kitaliano, mfano wa zile za kale, ilimeza karibu mshahara wangu wa mwezi, nazo zatakiwa mbili. Bunduki, shotigani, kila moja na bei yake. Mkanda wenye mifuko ya kuchomekea bastola, ukitaka wa ngozi ya maana, bei yake yanunua baiskeli mpya. Hapo hujagusa risasi, kofia, buti, wala kabati la chuma ambalo polisi hawakupi cheti mpaka walione limefungwa ukutani. Jaji aliniambia kwa upole kwamba mchezo huu ni rahisi sana ukishamaliza kuununua. Buti nilizipata duka la mitumba Ealing, kubwa kidogo, nikajazia soksi. Shati alinishonea Mama Manjit kwa kitambaa cha pazia lililobaki, na vifungo vya kanzu yangu. Kabati alilifunga Mzee mwenyewe kwa misumari mirefu, askari akaja kulikagua, akanywa vikombe viwili vya chai ya tangawizi, akala sahani nzima ya mogo, ndivyo walivyouita muhogo, wa kukaanga na ndimu na pilipili, akaondoka ameridhika na kila kitu. Cheti kilikuja majira ya baridi. Kabati likabaki tupu, na Ramadhani ilipoingia nikaweka tende humo.

Siku za Ijumaa jioni tulikuwa na kazi yetu. Risasi za dukani zilikuwa ghali, kwa hiyo Manjit alijaza zake mwenyewe kwa kutumia maganda yaliyokwisha pigwa. Mama yake alishasema baruti haitaingia jikoni kwake akiwa hai, ndiyo maana tulifanyia bandani kwa Mzee, bustanini, kati ya randa na misumeno, na Mzee naye akirandaranda huku akijifanya anatafuta kitu. Miye nilisafisha maganda, yeye alipima baruti. Hatukuruhusiwa kuzungumza wakati wa kupima, na kimya kile kilikuwa kitamu kuliko mazungumzo niliyowahi kuzungumza na mtu. Jua likizama mwezi wa Ramadhani, Mama Manjit alipiga dirisha la jiko kwa kijiko. "Masudi! Saa ya kufungua! Kuja kula, wacha baruti!" Manjit alikuwa hafungi, lakini hakugusa chakula mpaka nimetia tende mdomoni. Hilo hakuliambia mtu wala miye sikulisema, nililiona tu, nikaliweka.

Pesa za vifaa nilizipata mapema kuliko nilivyojionyesha. Nilifanya ovataimu, nilijinyima sigara na sinema, na kufika majira ya kuchipua nilikuwa na za kutosha. Ila sikutaka kununua. Ningenunua ya nini, nikahamishwe meza? Nilikuwa tayari kubaki kivuli mpaka mvi zinitoke. Manjit kwa upande wake alinipeleka kila palipotangazwa bastola, na kila bastola aliitia kasoro. Hii mtutu umelika. Ile kitako kina ufa. "Haraka haraka haina baraka, Masudi," alisema, na miye nikaitikia kama mtoto wa chuoni. Kisha mzee mmoja wa klabu akaacha mchezo kwa ajili ya macho yake, akauza bastola pacha pamoja na mkanda, kwa bei ya kirafiki. Zilikuwa safi, zimenyamaza kwenye kitambaa chao cha hariri. Manjit aliikoki moja polepole, akaiweka sikioni, akasikiliza. Akaikoki tena, akavuta kifyatulio. "Triga nzito," akasema. "Achana nayo." Jaji alikuwa amesimama karibu, akainua nyusi moja, akaenda zake. Miye nilishukuru Mungu kwa triga ile nzito, na sikujiuliza zaidi.

Asubuhi moja ya kiangazi nilikuwa bafuni, povu shavuni, nikasikia kijiko kinapigwa mezani chini. "Toronto wamepiga simu tena," alisema Mama Manjit. "Mtoto wao mzuri, engineer, nyumba iko. Mimi najibu nini?" Mzee akauliza Manjit mwenyewe amesema nini. "Anasema ngoja. Ngoja mpaka Masudi apate vifaa yake yote. Kila mwezi, ngoja Masudi." Nikasikia Mzee anavuta chai kwa kelele. Kisha akasema, "Basi. Hii maneno mimi namaliza. Natengeneza kigari." Mlango wa nyuma ukafungwa, na msumeno ukaanza kulia bandani. Nilitazama uso wangu kwenye kioo, nusu una povu nusu hauna. Nilielewa hivi: Mzee kachoka, anataka binti yake aolewe, na mimi na ukata wangu wa uongo ndio kizuizi. Nilikuwa nakula chumvi ya watu wale, nalala chini ya paa lao, mama wa nyumba ananipikia futari na dini yake nyingine. Ningesimama mbele yao niseme nini? Niseme nampenda mtoto wenu, Mwislamu miye, mpangaji, kondakta?

Wiki mbili msumeno ule ulilia. Jumamosi Mzee akaniita bustanini. "Kuja, kijana. Ona." Kilikuwa kigari cha mbao ya mwaloni, kimepigwa vanishi, magurudumu ameyatoa kwenye kigari cha mtoto cha zamani. Mbele kina sanduku la risasi lenye kifuniko kipana cha kukalia. Nyuma kina matundu manne ya kusimamishia bunduki, kila tundu limepambwa ndani kwa kitambaa laini cha kijani. Sijawahi kupewa kitu kizuri kama kile. Nikasema, "Mzee, lakini bunduki zangu zitakuwa mbili tu, bastola hukaa kiunoni." Akapapasa ubao kwa kiganja. "Nafasi si kitu mbaya," akasema. Akabaki ananitazama chini ya kilemba chake cha buluu, kama anayengoja chenji yake dukani. "Wewe iko na neno ya kuniambia, Masudi?" Juu, kwenye dirisha la jiko, niliona msuko wa Manjit. Nikakusanya adabu zangu zote. "Ninalo, Mzee. Mungu akulipe kheri. Na vifaa nitanunua wiki hii hii, nisiwacheleweshe." Akauliza, "Nani anachelewa?" Nikainama nikajifanya nakagua magurudumu. Alisimama kidogo, akaokota kipande cha msasa chini, akaingia ndani.

Nilinunua zile bastola pacha, zilikuwa bado hazijapata mtu. Nikanunua na vilivyosalia, pesa yote ikayeyuka kwa siku tatu. Jumapili iliyofuata Jaji aliniuliza jina, nikasema Kondakta, watu wakapiga makofi, nikahamishiwa kundi la pili ng'ambo ya machimbo. Hakuna bastola niliyopata kuishika yenye triga nyepesi kama zile. Manjit alikuwa upande wa benki. Nilimsikia akipiga, nikahesabu vimya vingi kuliko milio ya chuma, maana alikosa mabamba ambayo huyapiga akiwa amesinzia. Aliondoka kabla ya chai bila kuokota maganda yake. Nilikwenda nikapiga magoti kwenye changarawe nikayaokota yote, kama kawaida yangu, nikayatia kwenye kofia, na nilipoinuka gari lake lilikuwa limeshatoka getini. Nikarudi kwa treni na kigari changu cha mwaloni, na bunduki nilimwachia Jaji kwenye ghala la klabu. Ijumaa yake taa ya bandani haikuwashwa.

Kabla majani hayajamalizika mitini alikuwa amekubali Toronto. Nilibeba viti kwenye harusi, nilikula, nilipigwa picha. Kisha nikahamia Harrow, kwa sababu ngazi za nyumba ile zilinishinda kuzipanda, na kigari nikakiacha bandani nikimwambia Mzee chumba kipya ni kidogo. Machimboni sikurudi mara nyingi. Miaka michache baadaye, baada ya msiba wa watoto wa shule uliowaliza watu nchi nzima, sheria ikaziondoa bastola mikononi mwa raia. Zangu nilizipeleka polisi mwenyewe wala sikunung'unika. Mbele ya kilio kama kile mchezo wangu ulikuwa si kitu. Lakini nilipotoka kituoni mikono mitupu nilisimama barabarani muda mrefu. Nilijua kwamba hata tungetaka, mimi na yeye, meza ile haipo tena.

Jana tulimchoma Mzee. Nilivua viatu gurdwara, hekalu la Makalasinga, nikafunga leso kichwani, nikakaa na wanaume. Manjit alikuwa amekuja na mumewe, mtu mwema, mpole, aliyenitafutia kiti nyumbani na kuniletea chai kwa mikono yake. Msuko una mvi. Tulipeana pole mbele za watu. Baadaye Mama Manjit akanituma bandani nilete viti vya kukunja, na pale, pembeni, nikakikuta kigari, kimebeba reki na ufagio na miavuli. Nilikuwa nimekiinamia niliposikia hatua nyuma yangu.

"Mama hutumia ya kupeleka takataka," alisema Manjit. Kiswahili chake kilikuwa bado kilekile. "Masudi. Matundu ngapi hiyo?"

"Manne."

"Na wewe ulikuwa na bunduki ngapi?"

"Mbili," nikasema, na nikiwa bado nalitamka neno hilo nikamwona akilini Jaji na mkewe, wakisukuma kigari kimoja, wakigombana kuhusu sandwichi. Nikatafuta pa kukaa, nikakaa juu ya kile kifuniko kipana. Kilikuwa na nafasi ya mtu wa pili.

"Baba aliniuliza mara mbili," alisema. "Are you sure, ngapi? Mimi nasema nne. Yeye anasema, na dini yake? Mimi nasema nne, Baba. Mama alilia siku moja, halafu akasema sawa, angalau huyu anakula mogo yangu. Nilisimama kwa dirisha. I was waiting. Wewe ukasema thank you."

"Nilisikia mambo ya Toronto," nikasema. "Kwa bomba. Nilidhani ananifukuza kwa adabu."

"Kwa bomba," akarudia, akacheka, na kicheko kikamgeuka katikati. Akajifuta kwa ncha ya shali nyeupe. "Hizo bastola zilikuwa nzuri, Masudi. Triga haikuwa nzito."

"Najua. Nilizipiga mwenyewe."

Hakunishika mkono wala miye sikumshika. Tulisikia mumewe akiita kutoka mlango wa jiko, kwa sauti ya upole, kwamba chai inapoa. Akanitazama kidogo tena, akachukua viti viwili, nikachukua viwili, tukaingia.

Nilipoaga nilimwomba Mama Manjit kigari kile. Alinishangaa. "Chukua, ni yako. Lakini wewe sasa uko peke yako, unaweka nini ndani?" Nikamwambia sijui, Mama, nitaweka tu. Nikakisukuma mpaka kituo cha basi la Harrow. Dereva, mwanamke kijana wa Kisomali, akashusha ubao kwa kudhani nina mtoto mchanga, akanionyesha mahali panaposimama magari ya watoto. Nikasimama pale njia nzima, watu wakichungulia ndani na kukuta patupu, na mkono wangu umezama katika tundu la tatu, kwenye kitambaa cha kijani ambacho hakijachakaa hata kidogo.